Maandishi ya Ndani ya Kifuniko

Siku yangu ya kwanza kazini nilifanya kosa la heshima. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru, mjini Gitega, katika duka la Patron, mwajiri wangu, lililouza vitambaa mbele na kutengeneza saa nyuma. Nilikuwa nimeketi kwenye meza ya fundi, nimevaa aproni nyeupe ambayo ncha zake za chini hutiwa kulabu kwenye ukingo wa meza, ili kipande kikidondoka kiangukie kitambaani kisipotelee sakafuni. Patron akaingia. Nami, mtoto wa mtaa wa Yoba niliyefunzwa nyumbani kwamba mkubwa haingii ukabaki umekaa, nikasimama. Aproni ikajivuta, na skrubu tatu na gurudumu moja la saa ya watu vikaruka hewani kama panzi.

Nilivitafuta kwa sumaku, nimepiga magoti, mpaka adhuhuri. Fundi Mkuu, Mkongomani wa Uvira aliyeongoza karakana ile, hakunigombeza. Alingoja nimalize, ndipo akasema:

“Kijana, kwa msikiti simama. Kwa wakwe simama. Huku kwetu heshima ni kukaa. Hata Mwami, mfalme mwenyewe, akiingia, we kaa.”

Saa za wakati ule hazikuwa na betri. Ndani yake mlikuwa na resori, yaani utepe wa chuma uliojikunja, ambao ukiukaza asubuhi unatunza nguvu ya siku nzima. Nguvu hiyo hupita katika magurudumu mpaka kwenye balansie, kigurudumu kinachokwenda na kurudi, na hicho ndicho kinachozuia nguvu yote isitoke kwa mpigo mmoja. Mihimili huzungukia kwenye rubi, vijiwe vyekundu vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Wateja waliamini kwamba wakitupa mgongo tunazichomoa rubi tukauze. Wengine walileta kigoda, wakakaa kututazama kazi nzima, nasi tuliwazoea. Ukweli ni kwamba vijiwe vile havikufaa hata kwa kipini cha pua.

Saa za fahari, zile za Uswisi za dhahabu, zilikuwa chache. Zilivaliwa na madaktari, wanunuzi wa kahawa, na padri mmoja aliyetuomba tusimwambie mtu. Fundi Mkuu hakuniruhusu kuzigusa hadi mwaka wa nne. Siku aliponipa ya kwanza, alinipa na lupe yake, kile kioo cha kukuza tunachokibana jichoni, akageuza kifuniko cha nyuma.

“Soma,” akaniambia.

Nikaona mikwaruzo midogo, herufi, tarakimu, vialama. Kumbe kila fundi anayefungua saa huacha alama yake ndani ya kifuniko, pamoja na mwezi na mwaka. Fundi Mkuu alitumia pembetatu yenye mstari mmoja. Mimi nilijichagulia mwezi mchanga, akacheka, akasema Waislamu hamkosi mwezi. Kisha akaacha kucheka.

“Usisahau hata siku moja. Fundi asiyeandika ni mwizi.”

Tangu hapo ugonjwa wangu ukawa kusoma vifuniko. Mama alizoea kusema udadisi utanitoa jicho; kumbe ulinipa kazi ya jicho. Saa ya mfanyabiashara mmoja ilikuwa na alama tisa, mojawapo kwa tarakimu za Kiarabu, nyingine kwa mwandiko uliopinda ambao hatukuutambua kamwe. Mwenyewe alituambia aliinunua mpya. Tulimwitikia, “Ndiyo, mzee,” tukarudishia kifuniko. Nilifurahia sana kujua habari za mtu ambazo yeye mwenyewe hazijui. Sikujiuliza kama furaha ile ilikuwa ya haki.

Patron alipofungua tawi Muyinga, alinipeleka huko kuwa chef, yaani mkuu wa karakana, ingawa sikuwa na wa kumwongoza ila mimi mwenyewe. Nilikaa nikazeeka huko. Patron akaondoka nchini, duka likabaki kwangu, na Fundi Mkuu naye akaacha karakana, akatulia nyumbani kwake Musinzira, mjini Gitega.

Katika miaka hiyo alikuja dukani mzee aliyestaafu kazi ya uganga wa hospitali. Watu wote bado walimwita Asistan, yaani msaidizi wa daktari. Alileta saa ya dhahabu aliyopewa na daktari wa kizungu aliyefanya naye kazi.

“Fundi Jumaine, isafishe vizuri,” akasema. “Kijana wangu wa kwanza anaoa. Jumamosi ya pili mi nitamvalisha hii mbele ya wakwe. Bon, sina shamba kubwa la kumwachia. Iko hii tu.”

Alipotoka nikaifungua. Ganda lilikuwa dhahabu kweli. Mashine ya ndani haikuwa yake. Ilikuwa mashine ya kawaida, ndogo kuliko ganda, na mtu alikuwa ameizungushia pete ya shaba iliyochongwa kwa mkono ili ikae sawa. Pete ile ilikuwa kazi safi mno. Niliutambua mkono wa Fundi Mkuu kabla ya kutazama kifuniko, na nilipotazama, alama ya mwisho ilikuwa pembetatu yenye mstari. Chini yake palikuwa na herufi nisiyowahi kuiona, M ndogo sana.

Nikiandika mwezi wangu chini ya pembetatu na kunyamaza, fundi atakayeifungua baadaye atajua nilimdanganya Asistan, tena akipenda atasema mwizi ni mimi. Nikiacha kuandika, nimekuwa mwizi kwa sheria niliyofundishwa. Na nikisema, nitamvunjia jina mtu aliyenifanya mtu.

Kesho yake nikafunga duka, nikaenda Gitega na saa mfukoni. Fundi Mkuu alikuwa uani, macho yamekwisha. Nikamwekea kifuniko kiganjani. Akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo, akasema:

“Ni mi.”

“Mashine yake iko wapi?”

“Ilivunjikia kwa mkono yangu. Mhimili ya balansie. Macho ilikuwa imeanza kunitoka, na sikutaka Patron ajue. Vipande vya Uswisi havikuwa vinakuja tena. Mi nikatia ingine, ya kwangu mwenyewe. Sikuiba, Jumaine.”

“Na hii M?”

“M ni machine. Maana yake mashine imebadilishwa. Bafundi ba zamani bote banajua.”

“Mbona hukunifundisha?”

“Sikutaka uitumie.”

Akanirudishia kifuniko. “Sasa sikiliza. Iko natembea vizuri?”

“Inatembea.”

“Basi weka alama yako, funga, mpe mwenyewe. Mi niliandika ukweli. Iko humo ndani.”

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukiona miaka yote ile ya kusoma vifuniko. Tulikuwa tukiandika ukweli mahali ambapo mwenye saa hafiki. Nikamwambia kwamba Asistan lazima ajue. Akageuza uso upande wa ukuta.

“Ukimwambia, usirudi kwangu.”

Nilimwambia. Nilimkalisha Asistan mezani pangu, nikambana lupe jichoni, nikamsomea alama moja moja hadi ya mwisho, na M nikamweleza. Alitazama muda mrefu. Nilitegemea matusi.

“Fundi wako aliandika,” akasema, “lakini kwa lugha yenu.”

“Ndiyo, Asistan.”

Akaitoa lupe jichoni. “Na mi niko na moja ya namna hiyo. Nilimchoma mama mmoja sindano mahali pabaya, mguu wake ukakufa. Nikamwambia ni Mungu. Kwa fishi, karatasi yake ya hospitali, nikaandika yote, kosa ni langu, kwa Kifaransa. Yule mama hakusoma hata Kirundi.”

Nikakwaruza mwezi wangu mbele yake, nikafunga.

Harusini nilialikwa. Asistan alimvisha mwanawe saa, akamwambia mbele ya wakwe: “Nje ni dhahabu, ndani ni ya kawaida. Lakini iko natembea.” Watu walipiga makofi wakidhani ni fumbo la ndoa.

Fundi Mkuu hakunipokea tena. Nilibisha hodi Musinzira mara tatu, nikaambiwa amelala. Alipofariki nilisimama nyuma kabisa ya waombolezaji, nikatupa udongo wangu, nikaondoka. Inaniuma hadi leo. Vijana mnaoniuliza kama najuta, jibu ni kwamba najuta kumkosa, sijuti kusema. Toka hapo mpaka nilipostaafu sikufungua tena saa bila mwenyewe kukaa mezani, na niliwasomea watu vifuniko vyao, hata wasiotaka. Wengi walikasirika. Siku hizi mnavaa saa za betri zinazotupwa zikifa, na hakuna wa kuandika kitu ndani yake.

Wiki moja baada ya harusi ile, Asistan alipita dukani asubuhi, amevaa koti lake la Jumapili, ingawa ilikuwa Jumanne. Hakuwa na saa ya kutengeneza. Aliniuliza magari ya Gasorwe yanapakilia wapi. Yule mama wa sindano, akasema, bado yuko hai, anaishi huko.