Dakika Kumi na Nane za Statia

Bi Ludwina Arrindell hajawahi kupiga mbizi hata siku moja. Maji yakimfika magotini huanza kumwita Yesu. Lakini kwa miaka ishirini na miwili, yeyote aliyetaka kutoka kisiwa cha Sint Maarten asubuhi, akaone meli zilizozama kwenye bahari ya kisiwa jirani cha Statia, kisha arudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni, ilimbidi apite mezani kwake. Duka lilikuwa kando ya ghuba ya Simpson. Mitungi ya hewa ilikaa nyuma, Ludwina akakaa mbele, na kati yao lilining'inia pazia la shanga ambalo mwenye duka alikuwa akiahidi kulitoa tangu hajaota mvi.

Alikuwa na daftari la maswali, na mtu hakupewa hata miwani ya maji kabla hajayajibu. Una pumu? Masikio yanauma? Jana ulikunywa nini? Swali la mwisho aliliuliza baada ya kuvua miwani yake mwenyewe, ili mgeni ajue kwamba sasa utani umekwisha: "Ndege yako ni lini?"

Mgeni akisema leo jioni, daftari lilifungwa papo hapo.

"Mpenzi, ukitoka chini ya maji hupandi ndege mpaka kesho yake. Hewa iliyojificha kwenye damu yako itafoka kama soda iliyotikiswa. Utatembelea magurudumu."

Wamarekani walibembeleza, Waholanzi walinuna, na bwana mmoja kutoka Paris alimwita mchawi. Ludwina hakutikisika. Alijua ameokoa watu wengi, na alipenda wengine walijue hilo pia.

Wenyeji hakuwasumbua sana na swali hilo. Mwenyeji ana ndege gani? Kwenye nafasi ya ndege alijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista: hapana.

Alhamisi ile alikuwa anapanga safari ya Shanira, binti wa kaka yake. Shanira na walimu wenzake watatu walikuwa wamepata vyeti vya kupiga mbizi wiki hiyo hiyo, wakataka Jumamosi waende Statia kujipongeza. Ludwina alikuwa amepanga kila kitu, kuanzia boti ya saa moja asubuhi, mbizi mbili, mpaka samaki wa chumvi na mikate ya kukaanga kwa mama mmoja karibu na bandari ya kule. Tatizo lilikuwa kurudi. Redio ilikuwa imetangaza mawimbi makubwa kutoka kaskazini, na boti ya jioni ilikuwa imefutwa. Ludwina hakubabaika. Alipiga simu moja tu, akapata viti vinne kwenye ndege ndogo ya saa kumi na nusu.

Rudsel Martis alipita na kikombe chake cha kahawa, akasimama kuisoma karatasi. Rudsel alikuwa kiongozi mpya wa wapiga mbizi, mtu wa makamo kutoka kisiwa cha Bonaire, na hakuwa amemaliza hata wiki mbili pale dukani.

"Bi Ludwina, hawa wanarudi na nini?"

"Na kandege ka saa kumi na nusu."

"Wanapiga mbizi mara mbili."

"Najua. Si nimepanga mimi?"

"Halafu wanapanda ndege."

Ludwina akacheka. "Ndege gani, ile ya Statia? Rudsel, ile si ndege, ile ni basi. Dakika kumi na nane! Juzi shemeji yangu amepanda nayo na kuku wawili na keki ya harusi. Hujamaliza kufunga mkanda, umeshafika."

Alisubiri Rudsel acheke naye. Rudsel aliweka kikombe mezani.

"Inapaa futi ngapi?"

"Nitajuaje? Inapaa tu."

"Elfu mbili, elfu tatu. Inatosha kabisa, mama. Damu haiangalii saa. Haijui kama unakwenda Statia au Amsterdam." Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio uliomtisha Ludwina. "Kwetu Bonaire hata mtoto wa shule analijua hilo. Hapa mmefanya hivi tangu lini?"

Ludwina alianza kuhesabu miaka. Hesabu ikamfikisha kwa Alphonse.

Alphonse ni mume wake. Miaka tisa nyuma alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma bandarini, mtu ambaye kicheko chake kilisikika mpaka kituo cha mafuta cha Cole Bay. Siku alipotimiza miaka hamsini alikwenda Statia na rafiki zake kupiga mbizi. Walizama mara mbili, wakapanda juu, wakanywa glasi mbili tatu za ramu. Bahari ikachafuka, boti ya kurudi haikuja. Ni Ludwina aliyepiga simu huku na huko akamtafutia kiti cha mwisho kwenye ndege ndogo, ili awahi keki yake. Alijisifia kiti hicho mwezi mzima.

Keki ililiwa nusu. Alphonse alisema miguu ina ganzi, akacheka, kisha kijiko kikamponyoka. Hospitalini, daktari wa zamu, kijana aliyeonekana hajalala siku mbili, alimgeukia mkewe. Amepiga mbizi leo? Ndiyo, daktari. Baada ya hapo alipanda ndege? Na Ludwina huyu huyu, Ludwina wa daftari, alijibu bila kupepesa macho: "Hapana, daktari."

Hakudanganya. Kwake ile ya Statia ilikuwa basi, si ndege, na kila mtu wa kisiwa kile angejibu hivyo hivyo. Daktari alinusa ramu, akapima presha, akaandika kiharusi. Chumba cha kumkandamizia mgonjwa hewa ili damu itulie hakuna aliyekitaja. Mguu wa kushoto wa Alphonse haujarudiwa na nguvu mpaka leo.

"Bi Ludwina? Kaa chini. Nikuletee maji?"

"Futa viti," alisema Ludwina. "Vyote vinne. Mpigie Shanira, mwambie watalala Statia."

"Atauliza kwa nini."

"Mwambie shangazi yake ni mpumbavu."

Aliyavuta madaftari ya zamani kutoka rafu ya chini na kuanza kufunua. Hapana. Hapana. Hapana. Kurasa na kurasa za majina anayoyajua, watu anaokutana nao sokoni, na mwandiko ni wake. Wangapi walirudi kwa boti, wangapi aliwapandisha ile ndege? Yule Bi Gumbs wa duka la vitambaa, anayelalamika magoti, je? Alimwachia Rudsel funguo na kuondoka saa nane mchana, jambo ambalo halijapata kutokea.

Njia nzima alijiambia kwamba angeweza kunyamaza. Nani angejua? Mguu haungerudi. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma kuliko mguu wenyewe. Kwa miaka tisa alikuwa amemwambia Alphonse kwamba ni pombe iliyomlemaza. Alimwambia asubuhi, alimwambia mbele ya wageni. Mwishowe alimsimamisha kanisani, mkongojo mkononi, aungame mbele ya waumini wote kwamba ulevi wake umemletea adhabu. Tangu Jumapili ile Alphonse hakugusa tone, na kile kicheko hakikusikika tena.

Alimkuta barazani anamenya mbaazi.

"Umerudi mapema. Duka limezama?"

"Alphonse, siku ile ya Statia ulirudi na nini?"

"Na kandege. Si ulinitafutia kiti? Majirani wote walikijua kiti hicho."

"Daktari aliniuliza kama ulipanda ndege."

"Ukasemaje?"

"Nilisema hapana."

Alphonse alimenya ganda moja, akamenya la pili. "Hata mimi ningesema hapana," alisema. Kisha vidole vikasimama. "Ngoja. Kwa hiyo..."

"Ni ndege. Ukitoka mbizi hupandi ndege, hata ya dakika moja. Mimi ndiye nawaambia watu kila siku. Ni kiti nilichokutafutia mimi, na jibu nililompa daktari mimi."

"Haikuwa pombe."

"Haikuwa pombe."

Alphonse aliweka bakuli la mbaazi chini. Ludwina alitamani mumewe apige kelele, avunje bakuli, afanye chochote. Uso wa Alphonse ulikuwa wa mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi.

"Miaka tisa, Ludwina," alisema hatimaye. "Miaka tisa nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe mguu wangu mwenyewe."

"Najua."

"Hujui. Shanira anarudi na nini Jumamosi?"

"Nimefuta viti. Watalala huko huko."

"Vizuri." Alifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Jumapili tutakwenda kanisani. Utasimama pale pale niliposimama mimi, uwaambie wote, maneno yote, na jina langu ulitaje."

"Nitasimama."

"Mkongojo nitakuazima. Pale mbele miguu inatetemeka sana."

Hakuwa anatania. Aliusukuma mkongojo kwa mguu wake mzima mpaka ukamgusa Ludwina kwenye kiatu, halafu akarudi kumenya mbaazi zake.