Tangazo la Msitu Kwenye Ukuta wa Mashine ya Kusaga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sufuria iliyopinda mdomo inatokota jikoni. Ndani yake hakuna uji wa kunywa. Ni unga wa ngano uliokorogwa kwa maji ya moto mpaka ukawa mzito, na mwanamume mwenye mvi anachovya kidole, anakibana na kidole gumba, anavuta polepole, anatazama kama unanyumbuka.

"Usilambe," mkewe anamwambia kutoka mlangoni. "Jana ulilamba, ukakataa chakula."

"Hiki ni chakula cha karatasi, mama watoto."

Mtaani wanamwita Bwana Gundi. Kazini ni mhudumu wa ofisi ya mipango miji ya halmashauri, na kazi yake kubwa ni kubandika matangazo. Mtu akitaka kugeuza nyumba yake kuwa duka, au uwanja kuwa ghorofa, sheria inataka watu wajulishwe, na mwenye pingamizi apewe muda wa kulileta. Kati ya ofisi na watu yuko yeye, na baiskeli yake yenye kengele iliyokufa, ndoo ya gundi, brashi iliyobakiwa na nusu ya nywele zake, na nyundo.

Leo amebeba tangazo alilolisubiri tangu mwaka jana. Linasema mpango mpya wa matumizi ya ardhi wa mji umepitishwa, na kwamba msitu wa kale ulio mwisho wa barabara ya juu hautajengwa.

"Nimebandika mengi," anasema huku akiifunga karatasi kwa kipande cha mpira wa tairi. "Hili ndilo la kwanza linalosema kitu kitabaki kama kilivyo."

Msitu wenyewe hauko mbali. Nyumba za mwisho za mji zinaupa mgongo, na upande wa chini unateremka mpaka bondeni. Miti yake ni mikubwa, na hakuna aliye hai aliyeiona ikiwa midogo. Udongo wake mweusi unabonyea mguuni kama godoro kuukuu, kwa sababu haujawahi kupigwa jembe. Kijito kinachotoka humo ndicho kinachonywesha bustani ya mboga ya mkewe. Mshahara wa Bwana Gundi ni wa unga na kodi ya nyumba. Bustani hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wao.

Kwa hiyo mwaka jana, kampuni moja ya viwanja ilipoomba eneo hilo liingizwe kwenye mpango mpya kama eneo la makazi, yeye alikuwa na lake la kupoteza. Akapewa tangazo la kwenda kubandika.

Desturi ya ofisi, ya miaka na miaka, ni kubandika palepale panapobadilishwa. Kama ni nyumba, ukutani. Kama ni kiwanja, kwenye uzio. Na kama ni msitu?

"Ningelipigilia kwenye mti," anasema. "Angesoma nani? Tumbili?"

Akalirudisha ofisini. Afisa mipango, mwanamke mwenye umri wa kitindamimba wake, alikuwa anakunywa chai, ameinamia ramani.

"Mwanangu, kule hakupiti watu."

"Ngoja, baba. Tuone kanuni inasemaje."

Waliisoma pamoja, Bwana Gundi bila miwani, kwa hiyo kwa kusogeza kichwa mbele na nyuma. Ilisema tangazo liwekwe mahali husika na mahali pengine pa wazi wanapopita watu. Maneno hayo ya mwisho yalikuwepo siku zote. Kwa kuwa mahali husika mara nyingi palikuwa mtaani, ofisi ilishayazoea mpaka ikawa haiyaoni.

"Basi weka kote kuwili," afisa akasema. "Lakini baba, usimwambie mtu aseme nini. Sisi ni wa kutangaza."

Moja likaenda msituni. La pili akalipeleka kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, ambako nusu ya mji hupanga foleni na mifuko yake.

Hakuwaza jambo moja. Katika mji huu, watu wamejifunza kwamba Bwana Gundi akibandika karatasi mahali, mahali hapo hapana muda mrefu. Brashi haijakauka, mwenye mashine akatoka, mwanamke mpana wa mabega, mweupe kwa unga kuanzia nyusi.

"Shemeji! Unakuja kunivunjia mashine? Mimi? Nilikupunja lini?"

"Soma kwanza, shemeji."

"Nisome nini wakati nakujua! Ulibandika kwa kinyozi. Kinyozi yuko wapi leo?"

"Kinyozi alihama mwenyewe, jamani."

Wapi! Foleni ilishavunjika. Habari kwamba mashine inabomolewa ikafika sokoni kwa mbio, na waliokuwa sokoni wakaja, wengine na vijiko vya kupimia mikononi, kuitetea mashine yao. Wakalisonga lile tangazo. Mmoja akasoma kwa sauti, akaambiwa arudie, akarudia.

"Kumbe si mashine," mtu akasema. "Ni msitu."

"Aah, msitu tu," mwingine akapumua.

Mwenye mashine alikuwa bado na hasira, na hasira hiyo ilikuwa haijapata pa kukaa. Akamgeukia. "Msitu tu? Na maji unayooga yanatoka kwa shangazi yako?"

Ndivyo ilivyoanza. Siku ya kusikiliza maoni, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bwana wa kampuni, mtu mstaarabu, alieleza kwamba mji unahitaji nyumba, na hilo hakuna aliyelipinga. Akaahidi kwamba kwa kila mti utakaokatwa, wangepanda miche kumi mahali pengine.

Mwenye mashine akasimama. "Bwana, ukinivunjia chungu cha bibi yangu, halafu ukaniletea udongo wa kufinyanga vingine kumi, umenilipa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yule bwana naye akacheka, akafuta jasho.

"Miche tunaweza kuipanda," afisa mipango anaeleza leo. "Ule udongo, na vyote vinavyoishi ndani yake, hatuwezi. Ukishachimbwa msingi, umekwisha."

Kwa hiyo mpango ukaandikwa upya. Ndani ya msitu hakuna kibali cha nyumba wala barabara, na kuahidi miche si sababu ya kupewa. Pembeni umeachwa ukanda usiochimbwa, kwa kuwa mizizi huenda mbali kuliko matawi. Nyumba zikahamishiwa kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa, na kampuni ikakubali.

Na Bwana Gundi, siku ile ukumbini, alisema nini?

"Nilipanga viti. Sikufungua mdomo."

"Hilo ndilo lililonishangaza," mkewe anadakia. "Hapa nyumbani hata redio inamngoja amalize."

Leo Bwana Gundi anafika msituni jua likiwa limepanda kidogo. Hana haja ya mti, amekuja na nguzo yake ya kubandikia na sururu ya kuisimikia. Anainua sururu, kisha anaishusha. Anatazama nyuma yake, anatazama matawi. Anabeba nguzo, anavuka barabara, anachimba upande wa pili.

"Ukanda usiochimbwa," anasema. "Nianze mimi kuuchimba?"

Kutoka hapo ni kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya shemeji, leo unabomoa nini?"

"Leo nimechoka kubomoa."

Ukutani, kimo cha macho, mwenye mashine amepaka rangi ya buluu mraba mzuri wenye mstari mweupe kuzunguka. Anauonyesha kwa kidevu. "Matangazo yako yote hapo. Ukivuka mstari, utaosha ukuta."

Mwakani Bwana Gundi anastaafu. Mpango utakuja kupitiwa tena, kama ilivyo kawaida ya mipango, na siku hiyo brashi itakuwa mkononi mwa mwingine. Ameshamwomba afisa jambo moja tu, kwamba atakayekuja aonyeshwe ule mraba wa buluu kabla ya kuonyeshwa meza yake.

Na yeye mwenyewe anataka nini?

"Nimeingia mle kila mara na nyundo," anasema, akisuuza brashi kwenye ndoo. "Nataka niingie na mke wangu, mikono mitupu."

Mkewe, alipoambiwa hayo jioni, akiwa amechuchumaa anafunga mafungu ya mboga, hakuinua hata kichwa. "Mitupu ya nini? Utabeba kikapu."

"Basi nitabeba kikapu," akasema. "Ilimradi miti ione kwamba siku hiyo sikuleta habari yoyote."