Petroli Ilikuwa ya Kahawa

Jamani, leo mama wa watu amefia kwenye lori langu.

Mnajua mimi bado dereva mgeni. Tajiri mwenye lori hunipimia petroli ya kupeleka kahawa kutoka Muleba hadi bandari ya Bukoba tu. Kwenye miteremko nazima injini ili itoshe.

Asubuhi mzee mmoja, Ta Rwegasira, akanisimamisha. Mkewe alikuwa hoi kwa homa. Nikaiacha barabara, nikaingia kijijini kwao kumchukua tumpeleke hospitali.

Kabla ya Kemondo petroli ikaisha.

Nikamtuma mtu wa baiskeli kwa tajiri. Tukangoja juani. Mama akakata roho amelala juu ya magunia ya kahawa.

Petroli ilipofika nikasema, “Mzee, nawarudisha nyumbani.”

Aliyeileta akanikatiza. “Tajiri amesema kahawa kwanza. Meli haingoji.”

Ta Rwegasira akanishika mkono. “Nenda, mwanangu. Usifukuzwe kazi kwa ajili yetu.”

Wanaume wa pale wakafunga machela, wakambeba marehemu kwa miguu kurudi kijijini kwao, upande wa Muleba.

Mimi nikawasha lori, nikaenda Bukoba.

Ninyi mngefanyaje?