Gari Lililokwenda Kinyumenyume

Mwezi uliopita, huko Goma, nilikaa kwenye matanga ya jirani yetu wa zamani wa Masisi. Mtu mmoja akasimama na kumwita marehemu fundi mukubwa wa magari. Nilikunywa chai yangu, nikanyamaza. Lakini wewe unanijua, kwako siwezi kunyamaza. Jirani yule hakuwa fundi hata wa mlango wa banda la kuku.

Tulikaa juu ya kilima, mwendo wa nusu siku kwa miguu hadi hospitali ya Mweso. Gari lake lilikuwa la pekee pale, kwa hiyo alitembea kama gavana. Msimu wa mvua maji yakaingia kwenye pon ya nyuma, lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu, lenye meno ya kusukuma gari. Mafuta yakageuka kama uji wa mtama. Ikabidi afungue, vyuma visafishwe. Kufungua alifungua mwenyewe. Kuosha aliona ni kazi ya wanawake, akamwita mama yangu.

Mama aliacha maharagi motoni, tukaketi uani na beseni la petroli. Alisugua jino moja moja kwa kipande cha kitenge kikuukuu. Kila kipande akakipanga juu ya majani ya migomba kama kilivyotoka, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Jirani akaja, akacheka kwa pua, akakusanya vyote ndani ya ndoo moja.

"Papa, ile kuroni ilikuwa inaangalia kushoto," mama akasema. Kuroni ndilo lile gurudumu kubwa la meno.

"Mama, hii haiko majani ya sombe ya kupika. Rudia ku jiko yako."

Jirani alivifunga vyuma kwa siku mbili, akipiga nyundo mahali ambapo hata mimi, msichana wa miaka tisa, niliona panataka mkono mwepesi.

Siku ya tatu bibi yangu alishikwa na tumbo, henia yake ikakataa kurudi ndani. Tukamlaza nyuma ya gari juu ya godoro. Jirani akavaa miwani ya jua, akatia vitesi ya kwanza, gia ya kwenda mbele. Gari likarudi nyuma. Akatia ya pili, likarudi kwa kasi zaidi, likavunja ua wetu na kuzama ndani ya mihogo.

"Munishushe," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Mimi niko na haraka."

Wanaume wanne wakambeba kwa chipoyi, machela ya miti ya kubebwa mabegani. Alifika jioni, akapasuliwa, akapona. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangerudi na maiti.

Kesho yake jirani alikuja kwetu. Hakuomba radhi. Aliuliza tu, akitazama pembeni, "Kushoto ya muntu mwenye kusimama mbele, ao nyuma?"

Mama akaenda naye. Wakafungua upya, mama akamwonyesha kila kipande na mahali pake. Kisha akazungusha meno kwa mkono, sikio karibu na chuma, akamfanya alegeze na kukaza tena hadi yakazunguka bila kugonga. Gari likaenda mbele. Siku ya soko jirani akawaambia watu kwamba siku ile alikuwa anajaribu tu vitesi, na kwamba kazi yote aliifanya peke yake. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Nilikuwa pale, nimebeba kapu la mama, nikasikia kila neno. Sikusema kitu. Jumapili akatupa nafasi garini kwenda kanisani, nami nikakaa mbele kabisa, nikawapungia mkono wasichana wenzangu waliokuwa wakitembea kwenye matope.

Kilima kile leo ni magugu. Vita vilitutawanya, bibi alizikwa ugenini, na kati ya waliojua ni nani hasa aliyelitengeneza gari lile tumebaki wawili. Mama hajawahi kulisema jambo hili. Yule mtu nilimdharau tangu siku ile ya soko, lakini sehemu ya dharau hiyo ni yangu mwenyewe, niliyesikia yote kisha nikakaa kiti cha mbele.