Mbio Bila Shikamoo

Mwaka tuliorudi kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa na miaka kumi na minne na hamu moja kubwa: kuiona Gitega. Mama alizaliwa Bukirasazi, hukohuko Gitega, na kule kambini alitusimulia vilima vya kwao mpaka nikavipenda kabla ya kuviona. Kwa hiyo mwalimu wa michezo wa shule yetu ya Mwakiro aliposema wasichana wanne watakwenda kushindana mbio Gitega, miguu yangu ilianza kuwasha palepale.

Mwalimu, tuliyemwita prof, alikuwa na simu yenye programu ya kuchora njia ya mkimbiaji na kupima mwendo wake. Tulikimbia mmoja mmoja hadi kisimani na kurudi, simu imefungwa kiunoni kwa kipande cha kitenge.

Niliporudi, prof aliikodolea macho.

"Mi naona hapa umesimama. Na hapa. Mara saba! Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nawaamkia wazee, prof."

Darasa likaangua kicheko. "We Mtanzania! Simu iko inahesabu, we uko unapiga magoti!"

Kumbe wenzangu walipunga mkono tu wakapita. Mimi nililelewa kusimama, kukunja goti, kusema shikamoo na kungoja jibu.

"Ukiwa unakimbia hakuna anayekufikia," prof akasema. "Nakupa nafasi kesho. Lakini usisimame."

Kumpita mtu mzima kimya! Nilimweleza bibi, mama yake baba, naye akacheka mpaka akaliweka jembe chini. Kesho yake alitangulia njiani, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia: "Leo mjukuu wangu atapita bila kuwasalimu. Msimwone hana adabu, ni simu ya mwalimu wake."

Basi nilikimbia. Umande ulikuwa bado kwenye maharage, na wazee wametoka wote, wamepanga mstari kando ya njia kama wanangoja arusi. Sikufungua kinywa. Wao ndio waliopaza sauti, kwa neno walilojifunza kwangu: "Marahaba! Marahaba, kimbia!" Nilicheka huku nikihema, na sikusimama.

Prof alitazama simu, akatabasamu, akaniandika wa kwanza kwenye orodha.

"We Mtanzania," akaita msichana mmoja, "Gitega iko na wazee wengi. Bibi yako anaenda lini kuwaomba ruhusa?"

"Anaondoka kesho," nikamjibu.