Mgeni wa Mama Ndani ya Maji

Fundi mmoja wa vioo, mtu wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amekata madirisha ya karibu nusu ya mtaa wao, na dirisha la bafu lake mwenyewe lilikuwa limezibwa kwa kipande cha boksi. Mke wake, aliyekuwa akiuza vitambaa katika duka la kona, aliwaambia wateja bila aibu: "Mkitaka kioo, nendeni kwa mume wangu. Mkitaka kujua ataweka lini cha kwake, njooni kwangu, tukae tusijue pamoja."

Walikuwa watu wa kucheka, hao wawili. Watoto wao walikwisha kuondoka kila mmoja na maisha yake, na nyumba ilikuwa na nafasi ya kicheko. Jambo moja tu fundi hakuweza kulicheka, nalo ni mama yake.

Baba mzee alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na miezi michache baadaye mama akaanguka, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Aliweza kuketi, aliweza kujikokota kwa fimbo mpaka bafuni, lakini siku yake nzima aliimaliza kitandani, katika chumba cha nyuma ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Lakini shida haikuwa nyonga. Shida ni kwamba mama alikuwa amekauka maneno. "Umeamkaje, mama?" "Salama." "Umekula?" "Nimekula." Basi, mpaka kesho. Na huyo ni mwanamke ambaye zamani akienda dukani, akirudi anakusimulia habari za watu kumi na wawili kabla hajakumbuka kuweka kikapu chini.

Dada yake fundi, mkubwa wao, alikuwa mkuu wa wodi hospitalini kwa miaka thelathini. Alikwisha kustaafu, lakini bado alitembea kama mtu anayekagua vitanda. Yeye shauri lake lilikuwa moja: kuna nyumba ya kutunzia wazee karibu na kwake, safi, ina wauguzi, mama apelekwe huko. Mama alipoambiwa, alitoa sentensi iliyokuwa ndefu kuliko zote za mwaka ule.

"Humu ndimo nilimoletwa bibi harusi, na humu ndimo mtakamonitoa."

Dada akaliweka shauri lake kando, lakini kwa muda tu.

Siku moja fundi alikwenda kupima vioo katika ofisi ya mteja. Mapokezini kulikuwa na tangi la samaki wa baharini, na mbele yake wamekaa watu watano waliokuwa wanasubiri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama saa. Fundi akasahau alichofuata. Akarudi nyumbani, akasimama sebuleni mbele ya ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha mama, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Nitamkatia mama dirisha," akamwambia mkewe.

"La kuonea nini? Mimi nikipiga pasi?"

"La kuonea bahari."

Mke akamtazama kuona kama ana homa. Wiki iliyofuata ukuta ukatobolewa, urefu wa mita mbili, na vumbi likaingia mpaka kwenye sukari.

Kazi yenyewe fundi aliifanya kama hajawahi kufanya kazi ya mtu yeyote. Akachomelea meza ya chuma yenye miguu minane, ya kubebea tangi ndani ya tundu lile, lionekane sebuleni na chumbani. Akanunua kioo kinene kama kidole gumba, akakisugua kingo mpaka ukipitisha ulimi hazikukati. Alijua kwamba silikoni ya bafuni, ile gundi ya kuzibia nyufa, hutiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo huua samaki vilevile. Akatafuta isiyo na dawa, akaunganisha, akabana, akaacha siku saba bila kugusa. Kisha akajaza maji matupu, akatandika magazeti makavu chini, akayapapasa kila asubuhi kutafuta unyevu. Ndipo ikaja chumvi ya bahari, aliyoipima kwa kipimo mara tatu.

"Miaka yote nakujua ukitia chumvi kwenye hadithi," mkewe akasema. "Leo ndiyo naona unaitia kwa kipimo."

Mwisho yakaja mawe. Hayakuwa mawe ya ujenzi. Ni mawe yaliyotolewa baharini yakiwa hai, yana mashimo kama mkate, yamejaa vijidudu vinavyosafisha maji. Alimwagiza mzamiaji, akaletewa makreti manne yamefunikwa magunia mabichi. Akayapanga tangini kama mlima wenye mapango, akasubiri wiki sita maji yaive, yaani vile vijidudu viongezeke. Kisha akatia samaki saba: wawili wa rangi ya chungwa, watatu wa buluu, na wawili bapa wa njano.

Mfuniko wa juu ulifungukia upande wa mama, ili awalishe samaki mwenyewe. Siku ya kwanza taa ilipowaka, mama aliketi akageuza uso kwenye maji. Tangu hapo hakulala tena akitazama ukuta.

Sasa sikiliza kosa la fundi, maana ni kosa ambalo mtu asiyeishi kwa vioo asingelifanya. Fundi wa vioo hachukii kitu kama kioo kichafu, na mwanga ukizidi, tangi la samaki huota utando wa kijani. Kwa hiyo alifunga mapazia ya sebule mchana kutwa, na taa ya tangi akaitegea swichi ya saa, iwake saa kumi jioni, watu wanaporudi kazini na wageni wanapopita kushangaa, izime saa nne usiku. Aliona ametumia akili. Hakuwaza kwamba mtu aliyemjengea dirisha hilo yuko peke yake kuanzia asubuhi mpaka jioni, na saa zote hizo dirisha ni giza. Na mchana wetu akawa ameugeuza usiku wa bahari ile.

Mwezi wa pili samaki wakawa sita. Fundi akatafuta mzoga, hakuna. Wakawa watano. Wanne.

"Mama, samaki wanakwenda wapi?"

"Mgeni anawala," mama akasema.

"Mgeni gani?"

"Anayekuja mchana."

Fundi akacheka kidogo, kile kicheko cha kutafuta mlango wa kutokea. Lakini mkewe alikuwa ameona mengine. Aliporudi mapema siku moja alikuta mkono wa gauni la mama umelowa mpaka kiwikoni, na sahani ya chakula ina mchuzi, nyama hakuna hata chembe, na mama meno ya kutafuna nyama hana.

Hayo yakamfikia dada. Akaja siku hiyohiyo, akamvuta fundi jikoni.

"Mdogo wangu, mama anawakamata samaki kwa mkono, halafu anasema ni mgeni. Akili zimeanza kuondoka. Nimeona wazee mia wa namna hiyo. Kuna maji pale, kuna umeme, na kuna mtu asiyejua anachofanya. Siku ukimkuta ameganda na mkono majini, utaniambia nini?"

Fundi akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Jumamosi nakuja na gari. Wifi amfungie nguo zake."

Alhamisi fundi alikwenda kazini akakuta fremu za mteja hazijafika, akarudi nyumbani mchana. Mkewe alikuwa dukani. Akafungua mlango taratibu asimwamshe mama, akaingia sebuleni. Mapazia yamefungwa, pampu inavuma chini ya meza, tangi jeusi.

Mama alikuwa anaongea.

Hakuwa analalamika, hakuwa anaweweseka. Alikuwa anasimulia. Sauti ilikuwa ile ya zamani, inayopanda na kushuka, inayosimama mahali pa kucheka. Alisimulia asubuhi aliyokufa mumewe: jinsi alivyokasirishwa na viatu vyake vilivyoachwa mlangoni, akamgombeza kwa robo saa, asijue kwamba aliyekuwa anagombezwa hasikii. "Robo saa nzima," alisema. "Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani? Wangenionea huruma, na mimi huruma siitaki."

Fundi akachuchumaa mbele ya kioo. Macho yalipozoea, aliona uso wa mama upande wa pili, umekaribia maji, umetota mwanga hafifu wa dirisha la nyuma. Kati ya uso wa mama na uso wake kulikuwa na kitu kimesimama.

Kwanza alidhani ni bomba limechomoka. Kilitoka katika pango la katikati ya mawe, kinene kama mpini wa nyundo, kimenyooka wima, kimegawanyika pingili pingili, na kila pingili ina miguu midogo kama nywele. Rangi yake ilikuwa ya shaba, ikigeuka zambarau kilipopumua. Juu kulikuwa na pembe tano laini, zote zimeelekea kwa mama, na taya mbili zimefunguliwa wazi kama mkasi ulioachwa mezani. Hakikutikisika. Kama umewahi kumwona mtu anayesikiliza kwa moyo wote, basi ndivyo kilivyokuwa.

Mama akagonga kioo kwa kucha, mara tatu, akainua mfuniko, akashusha kipande cha nyama. Zile taya zikafumba. Fundi hakusikia sauti, lakini aliona maji yakiruka.

Kisha zile pembe tano zikageuka, polepole, moja baada ya nyingine, zikaelekea upande wa sebule.

"Usimwogope," mama akasema kwa upole, na hakuwa anamwambia fundi. "Huyo ni mwanangu. Ndiye aliyekujengea."

Fundi alitoka nyumbani bila kuvaa viatu.

Jumamosi saa nne asubuhi dada alifika. Mkoba wa nguo za mama ulikuwa mlangoni, umefungwa. Fundi akamzuia ukumbini.

"Dada, kaa kwanza na mama kitandani. Nusu saa tu. Ni mnyoo wa baharini, alikuja ndani ya mawe. Nimemwona."

"Umemwona."

"Kwa macho yangu. Anatoka gizani tu. Taa ikiwaka sisi tukija, anajificha. Ndiyo maana mama anamwona na sisi hatumwoni."

"Sasa na wewe," dada akasema. "Nimekuja na gari la watu wawili, sijui kama mtatosha."

Lakini alikaa. Wote wanne walikuwa chumbani, fundi na mkewe wameegemea ukuta, dada kwenye ukingo wa kitanda, mama kati yao na maji. Mama akagonga mara tatu. Wakasubiri. Samaki wawili wa mwisho walikuwa wamejibana kwenye kona ya juu kabisa, kama watu waliopanda mezani kukimbia nyoka. Mama akagonga tena. Pango lilikuwa jeusi na tupu.

Dakika ishirini zikapita. Mke wa fundi akaanza kulia kimyakimya, kwa sababu alikuwa amefunga zile nguo kwa mikono yake.

"Ameona haya," mama akasema. "Mko wengi."

Dada akasimama, akamshika mama bega kwa ule wema wa wodini, usio na mjadala. "Mama, twende. Hakuna kitu humu. Ngoja nikuonyeshe, utulie roho." Akakunja mkono wa blauzi, akainua mfuniko, akazamisha mkono mpaka kiwikoni, akanyoosha kidole kwenye mdomo wa pango. "Unaona? Ni jiwe tu. Jiwe na..."

"Toa mkono!"

Hiyo ilikuwa sauti ya mama aliyelea watoto wanne karibu na jiko la moto. Dada, mwanamke wa miaka sitini, aliutoa mkono kabla hajafikiri, kama mtoto. Alichelewa kidogo tu. Kitu cha rangi ya shaba kilipanda nao mpaka usoni mwa maji, kikalegeza taya, kikarudi. Kilirudi kwa muda mrefu. Waliona pingili zikipita kwenye mdomo wa pango, zikapita, zikapita, mpaka mke wa fundi akasema, "Basi, jamani, basi."

Dada alikaa chini. Damu ilikuwa ikidondoka kutoka kidole cha shahada kwenye shuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kuamuru. Mama ndiye aliyechana kitambaa, akamfunga, akakaza fundo kwa ufizi wake.

"Mama," dada akasema mwishowe, "umekuwa ukitia mkono wako humo kila siku?"

"Mimi namgongea kwanza. Wewe umeingia bila hodi."

Pampu ikavuma.

"Akili zako ni nzima," dada akasema, polepole, kama anayesoma karatasi ya mgonjwa. "Nilikosea. Niwie radhi." Kisha uuguzi ukamrudia. "Lakini hilo dude litatolewa. Leo."

Fundi alikuwa amekwisha kumpigia simu mzamiaji, akawaeleza alichoambiwa. "Akikatika wakati wa kumtoa, kipande kinabaki kinaishi. Inabidi kuvunja mawe yote, moja moja, na kumwaga kila kitu."

"Basi vunja."

Mama akawatazama wote watatu kwa zamu. "Mmeniuliza mimi?"

Hawakuwa wamemuuliza. Hawakuwa wamemuuliza kitu kwa miaka miwili, zaidi ya kama ameamka na kama amekula.

"Mimi siendi," mama akasema, "na yeye haendi. Ana nyumba, ana chakula, na ana adabu kuliko wengine. Rudisha hizo nguo kabatini, mkwe wangu."

Nguo zikarudi kabatini.

Dada alisema hatakanyaga tena katika chumba kile. Jumamosi iliyofuata alikuja, kutazama kidonda cha mama cha mgongoni, alisema, ingawa mama hakuwa na kidonda. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, amekumbatia mkoba wake, mgongo kwa maji. Wakaongea mpaka adhuhuri. Yaani mama aliongea. Hata habari ya viatu mlangoni aliisimulia, na dada hakumwonea huruma. Alimwambia baba naye alizidi, viatu vile vilikuwa vinanuka. Mama akacheka mpaka akashika nyonga.

Katikati ya kicheko mama akatazama nyuma ya bega la bintiye. Hakuna aliyekuwa amegonga kioo.

"Usigeuke haraka," mama akasema. "Mimi miezi hii yote hajanitokea bila kumwita. Nadhani ni kwa sababu wewe amekuonja."

Dada hakugeuka kabisa. Lakini hakuinuka pia. Alikaa vilevile, kidole chake kilichofungwa kimelala magotini, akahisi ubaridi wa kioo ukimfikia kisogoni, na baada ya muda, kwa sauti ya chini, akaanza kusimulia habari za wodi.