Programu Niliyodai Inajitosheleza

Natamani ningemkubalia Mama Neema, katibu wa ushirika wetu wa wakulima hapa Singe, aliponiomba tuijaribu kwanza programu mpya ya mgao wa mbegu. Nilimjibu kwamba nimeitengenezea nyumbani kwenye toleo jipya la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, na imebeba ndani maktaba zake zote, yaani vipande vya programu inavyovitegemea, hivyo itakubali popote. Nikaifuta ya zamani.

Asubuhi ya mgao, wakulima walijaa mlangoni na mawingu yametanda. Kompyuta ya ofisi ikaandika kuwa kiini cha Linux yake, sehemu inayotawala mashine yenyewe, ni cha zamani mno. Programu haibebi kiini. Hutumia kile inachokikuta. Nikaitafuta programu ya zamani, nikakumbuka nimeifuta.

“Baba Yohana, si ulisema itakubali popote?” Mama Neema aliuliza mbele ya wote.

Bila programu hatukujua nani apate kiasi gani; mvua ilinyesha mbegu zikiwa bado stoo, nami nikanyang'anywa funguo za ofisi.